Kutafuta Hazina Iliyofukiwa kwa Vijiti na Timazi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mwaka 1556 msomi wa Ujerumani Georgius Agricola alieleza namna wachimba madini wa zama zake walivyoshika fimbo yenye panda na kuzunguka nayo milimani wakitafuta mishipa ya fedha na madini mengine, kisha akashauri kwamba mchimbaji anayeijua kazi yake hana haja ya fimbo hiyo, kwa kuwa ardhi yenyewe ina dalili zake. Tangu wakati huo zana hazijabadilika sana. Panda ya mti ingalipo, na kando yake vimeongezeka vijiti viwili vya waya vilivyokunjwa kona, pamoja na timazi inayoning'inizwa juu ya ramani. Watu bado wanavitumia kutafuta maji, mabomba yaliyopotea na, zaidi ya vyote, mali iliyofukiwa na mtu ambaye hakurudi kuichukua.

Jambo moja lazima lisemwe mapema. Katika majaribio yaliyosimamiwa kwa uangalifu, kijiti hakijaonyesha kwamba kinahisi dhahabu, fedha wala kitu kingine kilichofichwa chini. Kinachokisogeza ni mkono wa anayekishika, bila yeye kutambua. Hata hivyo mwongozo wa kazi hii bado una maana, ila mpangilio wake unabadilika. Ikiwa kijiti kinafuata yale yaliyomo akilini mwako, basi kazi ya kwanza ni kuijaza akili habari za kweli kuhusu eneo, ya pili ni kukipima kijiti mahali ambapo jibu linajulikana, na ya tatu ni kukinyima mamlaka ya kuamua peke yake mahali pa kuchimba. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Kinachofanya kijiti kigeuke

Mkemia wa Ufaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha mwaka 1833 maelezo ya majaribio aliyoyafanya yeye mwenyewe kwa timazi iliyoning'inia juu ya zebaki. Timazi ilicheza vizuri alipoitazama, ilitulia alipofungwa macho, na ilipungua mwendo kadiri mkono wake ulivyoegemezwa juu ya kitu imara. Alihitimisha kwamba fikra ya mwendo pekee inatosha kuufanya msuli uanze kusogea, ingawa mwenye msuli hajakusudia. Mwaka 1852 daktari wa Uingereza William Carpenter alilipa jambo hilo jina linalotumika hadi leo, mwendo wa ideomota.

Zana zenyewe zimeundwa kwa namna inayokuza mwendo huo mdogo. Kijiti cha waya kilichokunjwa kona huzunguka kwa uhuru ndani ya ngumi, hivyo ngumi ikiinama kidogo tu, kiasi ambacho macho hayaoni, ncha ya mbele hugeuka upande wote. Panda ya mti hushikwa ikiwa imevutwa na kukunjwa, na nguvu iliyojaa ndani yake husubiri kiganja kilegee kidogo ndipo iruke juu au chini kwa kishindo. Ndiyo maana mshikaji huapa kwamba fimbo ilimshinda nguvu, na hasemi uongo: alichokihisi ni kweli, ila chanzo chake sicho anachokidhani.

Hatua ya kwanza: ruhusa na sheria

Kabla ya kukata waya wowote, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi, ikitaja mipaka ya eneo, siku za kazi, kina cha kuchimba na namna mtakavyogawana kitakachopatikana. Mapatano ya mdomo huvunjika siku ile ile kitu chenye thamani kinapotokea.

Kisha uliza sheria ya nchi inasemaje kuhusu mali kale, kwa sababu nchi nyingi huhesabu vitu vya kale vilivyomo ardhini kuwa mali ya umma, na nyingine hukataza kabisa kuchimba bila kibali. Huko Uingereza na Wales, kwa mfano, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inamtaka aliyepata kitu kinachohesabiwa kuwa hazina atoe taarifa ndani ya siku 14. Makaburi, maeneo ya kihistoria yaliyolindwa na viwanja vya vita vya zamani yaondolewe kwenye orodha tangu mwanzo. Bomu ambalo halikulipuka halina tofauti na sanduku kwa mtu aliyeshika kijiti.

Hatua ya pili: kukusanya habari za eneo

Hapa ndipo hazina nyingi hupatikana au hupotea, na hapa ndipo mtafutaji anapaswa kutumia muda mwingi kuliko shambani. Anza kwa kumfikiria aliyefukia. Alikuwa nani, alikimbia nini, alikuwa na saa ngapi za kufanya kazi, alikuwa na zana gani, na je, alikuwa peke yake? Mtu anayeficha mali hukusudia kurudi, tena pengine usiku na akiwa na hofu, kwa hiyo huchagua mahali anapoweza kupatambua: kwenye kona ya ukuta, chini ya kizingiti, karibu na kisima, kati ya mti mkubwa na jiwe, au hatua kadhaa kutoka njia panda. Mtu mmoja mwenye haraka hachimbi shimo la mita tatu. Simulizi inayodai kwamba sanduku limelala kwenye kina kikubwa, chini ya mawe mazito, inahitaji ushahidi wa watu wengi waliofanya kazi siku nyingi, na watu wengi ni vigumu kufunga midomo yao.

Tafuta ramani za zamani, hati za umiliki, barua, picha za angani na kumbukumbu za mahakama, halafu uwasikilize wazee wa eneo mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, ili ujue ni sehemu zipi za simulizi zinazokubaliana bila kuambizana. Andika pia kile kisichokubaliana. Simulizi inayofanana neno kwa neno katika midomo ya watu wote kwa kawaida ina chanzo kimoja tu, na kumi wanaoirudia si mashahidi kumi.

Maelekezo ya dira yaliyomo katika hati za kale yanahitaji marekebisho, jambo ambalo watafutaji wengi hulisahau. Kaskazini ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka. Mjini London mwaka 1580 sindano ya dira ilielekea takriban digrii 11 mashariki ya kaskazini halisi, na kufikia miaka ya 1820 ilikuwa imehamia takriban digrii 24 magharibi. Anayefuata mwelekeo wa hati ya kale kwa dira ya karne nyingine, na tofauti ikawa digrii 35, akishatembea mita 100 atakuwa amekosea kwa mita 60 hivi. Vivyo hivyo hatua za miguu za mwandishi hazilingani na zako, mito huhama, na mti uliotajwa huenda ulikatwa ukaota mwingine. Pima kutoka kwenye vitu visivyohama, kama mwamba, msingi wa jengo au jiwe la mpaka.

Mwishoni mwa hatua hii unapaswa kuwa na ramani yenye eneo moja au mawili yaliyozungushiwa mstari, kila moja likiwa na sababu iliyoandikwa. Kama huna sababu ya kuandika, bado hujafika mahali pa kutoa vijiti.

Hatua ya tatu: kutengeneza zana

Vijiti vya kona hutengenezwa kwa waya mgumu wenye unene wa milimita 2 hadi 3, na waya wa henga ya nguo unafaa kabisa. Kata vipande viwili vyenye urefu wa sentimita 60 hadi 70, pima sentimita 13 kutoka ncha moja, kisha kunja hapo kwa plaizi hadi upate kona iliyo sawasawa, digrii 90. Ncha za mbele zikunje kidogo zirudi ndani, au zifunike kwa utepe, maana waya usiofunikwa huweza kumtoboa mtu jicho. Wengine huvisha mkono mfupi wa waya ndani ya gamba tupu la kalamu ili ngozi isiguse waya. Fanya hivyo, kwa kuwa gamba hupunguza msuguano, na pia kwa kuwa linakuonyesha jambo moja: waya hugeuka vilevile bila kugusana na mwili, na hivyo maelezo ya umeme wa mwilini yanakosa pa kushika. Shaba, chuma au chuma cha pua havina tofauti katika kazi hii, licha ya bei wanazotoza wauzaji.

Kwa panda ya mti, tafuta tawi bichi lenye kugawanyika sawasawa, kila mkono ukiwa na urefu wa sentimita 40 hivi na unene wa penseli, na shina la mbele liwe fupi. Tawi kavu huvunjika. Timazi ni kitu chochote kizito chenye umbo lililolingana pande zote, chenye gramu 20 hadi 50, kikining'inia kwenye uzi. Uzi wa sentimita 25 hufanya timazi iende na kurudi mara moja kwa kila sekunde, mwendo ambao macho huufuata kwa urahisi.

Ongeza vifaa ambavyo ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa: futi kamba ya mita 30 au 50, uzi wa fundi, vigingi, daftari lenye karatasi za miraba, kalamu ya risasi na kamera.

Hatua ya nne: kushika na kutembea

Shika vijiti viwili, kimoja kila mkono, kwa ngumi iliyolegea kiasi cha kuruhusu waya kuzunguka. Viwiko viwe karibu na mbavu, mikono ya mbele iwe sambamba na ardhi, na ngumi ziachane kwa upana wa mabega. Inamisha ncha za mbele chini kidogo sana. Zikiwa sawa kabisa vijiti vitayumba ovyo, na zikiinama mno vitakwama mbele bila kugeuka, kwa hiyo jaribu mpaka uone vimetulia lakini vinaweza kusukumwa na upepo mwepesi. Siku ya upepo mkali usifanye kazi hii.

Tembea polepole, hatua fupi, macho yakitazama mita mbili hadi tatu mbele. Ishara inayokubaliwa na wengi ni vijiti kukutana na kufanya msalaba, au vyote viwili kufunguka nje. Ukiona ishara, simama, rudi nyuma hatua tano, kisha upite tena kwa kasi ileile. Mwisho pita kutoka upande wa pili. Ishara ya kweli ya mahali, kama ingekuwepo, ingebaki sehemu moja. Ishara inayotokana na mwili mara nyingi huhama na mwelekeo wa kutembea, kwa sababu mkono huanza kulegea kabla au baada ya mahali ambapo akili inatarajia.

Fanya zoezi hili sehemu yenye mteremko au mashimo madogo nawe utaona vijiti vikigeuka kila mguu unapobadilisha kimo. Ziandike sehemu hizo. Baadaye, eneo halisi likiwa na tuta au mfereji wa kale, utajua kwamba vijiti vimelisoma tuta, na tuta lenyewe linaweza kuwa dalili nzuri kuliko vijiti.

Hatua ya tano: kukipima kijiti kabla ya kukiamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ni rahisi kufanya na haina gharama. Tafuta makopo 10 yanayofanana, yasiyoonyesha ndani, na sarafu kadhaa au kipande cha dhahabu kama unacho. Yapange kwenye mstari, kila kopo likiwa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake, na uyape namba. Kwanza fanya mzunguko wa wazi: weka sarafu chini ya kopo unalolijua na upite na vijiti. Vitakutana juu yake, tena kwa nguvu. Mzunguko huu una faida mbili, kwani unathibitisha kwamba siku hiyo wewe uko sawa na zana ziko sawa, na unazuia kisingizio cha baadaye kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya.

Sasa toka mahali pale, uende pasipoonekana. Msaidizi wa kwanza achague kopo kwa kuvuta karatasi iliyokunjwa yenye namba kutoka kwenye mfuko, maana mtu akichagua kwa kichwa chake huwa na mapendeleo, hukimbia namba za mwisho na hupenda 3 na 7. Aweke sarafu, aandike namba, anyanyue na kurudisha makopo mengine yote ili alama za mchanga zisimsaliti, kisha aondoke kabisa kabla hujarudi. Msaidizi wa pili, asiyejua jibu, ndiye abaki na wewe kuandika ulichochagua. Uso wa mtu anayejua jibu ni ramani, na mikono yako itaisoma hata kama macho yako hayajui kwamba yanamtazama. Rudieni raundi 20, na jibu lolote lisifunuliwe mpaka zote ziishe.

Bahati tupu itakupa 2 kati ya 20. Kufikisha 6 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 1 katika kila vipindi 90 vya raundi 20, na kufikisha 7 au zaidi takriban mara 1 katika 420. Amua kabla ya kuanza ni alama ngapi utakazozihesabu kuwa ushindi, uandike, na usirudie kipindi mpaka kije kile kinachokupendeza. Ukipata 2 au 3, na ndiyo matokeo ya kawaida, hujashindwa kazi. Umepata habari ambayo mtu mwingine angeilipia kwa kuchimba mashimo mengi.

Jaribio la namna hii lina umri mkubwa. Mwaka 1692 mkulima wa Ufaransa Jacques Aymar alipata sifa kubwa kwa kufuata nyayo za wauaji kutoka Lyon kwa fimbo yake, naye akaitwa Paris. Huko Mwanamfalme wa Condé aliagiza mashimo yachimbwe bustanini, mengine yawekwe dhahabu, fedha na shaba, jingine liachwe tupu, kisha yote yafunikwe. Aymar hakuweza kuyatofautisha. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 1987 na 1988, watafiti karibu na Munich waliwachuja washika vijiti wapatao 500 na kubaki na 43 walioonekana bora, wakawafanyia majaribio 843 katika ghala la ghorofa: bomba la maji lilisogezwa huku na huku kwenye mstari mmoja ghorofa ya chini, nao wakatafuta mahali lilipo wakiwa ghorofa ya juu. Waandaaji walidai kwamba wachache walikuwa na kipaji, lakini mwanabiolojia Jim Enright alipozipitia takwimu hizo upya alionyesha kwamba hata hao wachache hawakuzidi kwa maana yoyote kile ambacho angepata mtu anayetaja katikati ya mstari kila mara.

Hatua ya sita: timazi juu ya ramani

Wengine hupendelea kuanza na ramani. Weka ramani mezani, egemeza kiwiko, ning'iniza timazi sentimita mbili juu ya karatasi na uipitishe mraba kwa mraba, ukiandika inapozunguka. Kwa kuwa mkono unajua ramani inasema nini, zoezi hili halikuambii kilichomo ardhini, ila linaweza kukuambia ni mraba upi akili yako imeushuku bila wewe kukiri. Ukitaka kuujua ukweli wake, kata nakala ya ramani vipande vya miraba, weka kila kipande ndani ya bahasha isiyopenyeka mwanga, zichanganye, kisha pitisha timazi juu ya bahasha. Rudia siku nyingine baada ya kuzichanganya upya. Chaguo zikiwa tofauti kila mara, achana na timazi ubaki na sababu zako za hatua ya pili.

Hatua ya saba: kazi ya shambani

Gawa eneo lililochaguliwa katika gridi ya miraba ya mita 2 kwa 2 kwa vigingi na uzi, ukianzia kwenye kona iliyopimwa kutoka kitu kisichohama, na uipe mistari yote herufi na namba. Tembea mistari yote kutoka kusini kwenda kaskazini, halafu ile ya mashariki kwenda magharibi. Usiweke kigingi mahali pa ishara. Mwandishi wako aandike kipimo kwenye daftari na wewe uendelee, maana kigingi kinachoonekana kitakuvuta upate ishara hapohapo utakapopita tena.

Kisha mtu wa pili, ambaye hajaliona daftari wala kusikia simulizi ya eneo, apite gridi yote peke yake. Linganisheni karatasi jioni. Miraba mliyokubaliana iwekwe alama, lakini hesabu kwanza: ikiwa kila mmoja alipata ishara kwenye miraba 30 kati ya 100, bahati peke yake itawafanya mkubaliane kwenye miraba 9 hivi. Makubaliano ya miraba 10 hayana uzito wowote.

Wakati huohuo tumia macho. Mimea iliyostawi au kudumaa kwa umbo la mraba, udongo wenye rangi iliyochanganyika, bonde dogo lililozama juu ya shimo la zamani, vigae na mkaa juu ya ardhi, vyote hivyo ni ushahidi unaoweza kupigwa picha. Mwanga wa asubuhi na wa jioni, jua likiwa chini, hutoa vivuli vya matuta yasiyoonekana mchana.

Hatua ya nane: kuthibitisha kwa chombo kinachopima

Kitambua metali cha kawaida huona sarafu moja kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30, na chungu au sanduku la metali kwenye kina kikubwa zaidi kidogo. Hicho kinatosha kwa sehemu kubwa ya mali iliyofichwa kwa haraka. Magnetometa huhisi chuma na udongo uliochomwa, lakini haioni dhahabu wala fedha. Rada ya kupenya ardhini huonyesha mashimo na kuta, ila udongo wa mfinyanzi uliolowa huizima karibu kabisa.

Ukishapata chombo, kipitishe kwenye miraba ambayo vijiti viliikubali, na pia kwenye idadi ileile ya miraba ambayo vijiti viliikataa, iliyochaguliwa kwa kuvuta karatasi. Bila kundi hili la pili hutajua lolote. Ardhi yoyote iliyowahi kukaliwa na watu ina misumari, vizibo na vipande vya waya, na mtu anayechimba pale tu kijiti kilipoelekeza ataishia kuamini kijiti kwa sababu ya takataka.

Jihadhari na wauzaji wa vyombo vinavyodaiwa kuona dhahabu kutoka umbali wa mamia ya mita, vyenye mshikio, antena inayozunguka na kadi ya kubadilisha aina ya metali. Hivyo ni vijiti vya kona vilivyovishwa plastiki. Nchini Marekani mahakama ilipiga marufuku uuzaji wa kifaa cha Quadro Tracker mwaka 1996. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa Uingereza James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza zana bandia iitwayo ADE 651, iliyotokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na kutumiwa vizuizini nchini Iraq kutafuta mabomu ambayo haikuweza kuyaona. Muuzaji akikataa jaribio la makopo 10, au mtu akikudai fedha kwanza ili kuwatuliza walinzi wa hazina, mazungumzo yamekwisha.

Hatua ya tisa: kuchimba

Chimba kwa tabaka za sentimita 10, ukitumia sepetu mpaka karibu na ishara ya chombo, kisha mwiko wa fundi na brashi. Udongo wa kila tabaka uchunguze kwa kitambua metali kabla ya kuutupa pembeni, nao ukae mbali na ukingo wa shimo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta wa shimo huporomoka bila kutoa onyo, kwa hiyo usiingie kwenye shimo linalozidi mita 1.2 bila mbao za kuzuia kuta au kuta zilizolazwa kwa mteremko, na kamwe usichimbe peke yako. Mashimo marefu na visima vya kale hukusanya hewa mbaya pia. Mwezi Agosti 1965 watu 4 walikufa katika shimo moja kwenye kisiwa cha Oak Island nchini Kanada, ambako hazina imetafutwa tangu mwishoni mwa karne ya 18, wa kwanza akizidiwa na gesi na wengine wakishuka kumwokoa.

Ukikutana na kitu cha kale, simama. Mwezi Novemba 1992 huko Hoxne, Uingereza, mtu aliyekuwa na kitambua metali akitafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani alikuta sarafu za dhahabu na fedha za Kirumi. Aliacha kuchimba kabla ya kufika mwisho na kutoa taarifa, na wanaakiolojia waliofika wakaweza kuona jinsi vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limeoza: sarafu karibu 15,000, pamoja na vijiko na mapambo. Thamani yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 1.75, naye alilipwa. Nyundo ilipatikana pia, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum.

Fanya kama yeye. Piga picha kitu kikiwa mahali pake, kando yake kipande cha kupimia na alama ya kaskazini, andika mraba na kina, funika na uite wanaohusika. Usioshe wala kusugua sarafu, maana kutu na udongo vilivyoshikamana nayo vina habari, na kusugua huiharibu thamani. Kitu cha ngozi, mbao au kitambaa kilichotoka kwenye udongo uliolowa kiwekwe ndani ya mfuko pamoja na udongo huohuo, kisikauke.

Na shimo likiwa tupu, lifukie siku ileile, udongo wa chini ukitangulia na wa juu ukifuata, rudisha nyasi na uzikanyage. Kisha andika kwenye daftari namba ya mraba, kina ulichofikia, ulichokikuta hata kama ni msumari mmoja, na kama mraba huo ulichaguliwa na vijiti au ulivutwa kwa karatasi. Kesho yake endelea na mraba unaofuata kwenye orodha, kwa utaratibu uliopangwa, bila kuhamia ule ambao usiku umeuona kuwa ndio wenyewe.